Sura ya Sita: Punguza Moto Kwanza

Bengamisa, kaskazini mwa Kisangani kwenye barabara ya kwenda Banalia na Buta, inajulikana kwa kakao. Shamba kubwa la CABEN lilikuwapo huko tangu enzi za Zaire, na ingawa hali yake imepanda na kushuka pamoja na hali ya nchi, wakulima wa huko wanajua jambo ambalo walaji wengi wa chokoleti hawalijui: harufu ya kakao haizaliwi mtini. Punje mbichi iliyotolewa ndani ya tunda ni chungu na kali, haina hata dalili ya chokoleti. Inavundikwa kwanza chini ya majani ya mgomba siku tano hadi saba, na rundo lenyewe hupanda joto mpaka nyuzi 45 au 50 bila mtu kuwasha kiberiti. Kisha inakaushwa mpaka unyevu ubaki kama asilimia 7. Mwishoni kabisa, kwa kawaida katika nchi nyingine, inakaangwa kwa nyuzi 120 hadi 150, na hapo ndipo chokoleti inapojitokeza.

Tatizo la jimbo hili la Tshopo ni mvua. Ikweta iko jirani, hakuna miezi ya kiangazi cha kweli, na jua la kukaushia haliaminiki. Anayetaka kukausha kwa wakati hutafuta msaada wa moto wa kuni chini ya bati. Moto ukiwa mpole, na moshi ukapewa njia ya kutokea pembeni, punje hukauka salama. Lakini mtu akiwa na haraka akasukumiza kuni, moshi ukapenya juu, mafuta ya kakao huunyonya na hayautoi tena, hata punje zikaangwe vipi, hata sukari iongezwe kiasi gani. Mnunuzi mzoefu hukata punje chache kwa kisu, akanusa, akasogeza gunia pembeni bila kusema neno.

Nimeanza na kakao kwa sababu sura hii inahusu kijidude cha betri ambacho wengi wanadhani ni cha dunia nyingine kabisa, yaani sigara ya kielektroniki, au vepu kama vijana wanavyoiita. Kanuni yake ya ladha ni ile ile ya bati la kukaushia kakao, na kosa linaloiharibu ni lile lile.

Mfikirie dereva wa lori, mtu wa makamo, aliyeacha sigara akahamia vepu, amesimama kwenye kibanda cha kahawa pembeni mwa barabara hiyo. Anavuta, anakunja uso.

"Papa, hiyo kitu yako inanuka nguo iliyoungua," anasema mama muuza kahawa.

"Mama, ni juisi ya embe. Nimeongeza nguvu, lakini embe halisikiki."

Kwenye kioo kidogo cha kifaa chake pameandikwa wati 28. Ubavuni mwa koili, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, pameandikwa 12 hadi 16. Mama yule, ambaye kila asubuhi hukaanga robusta kwenye kikaango cha chuma na kukiondoa motoni kabla punje hazijawa nyeusi tii, angeweza kumwambia tatizo liko wapi bila kujua wati ni nini.

Ladha inapofifia, mkono wa kila mtu hukimbilia kuongeza. Katika vepu, mara nyingi kuongeza ndiko kunakoiua ladha.

Tukifungue kifaa tuone. Ndani ya tangi dogo mna koili, yaani uzi mwembamba wa madini uliosokotwa, na ndani au pembeni mwa koili hiyo mna pamba. Pamba inanyonya juisi kutoka tangini. Ukibonyeza kitufe, umeme wa betri unapita kwenye koili, koili inapata moto, juisi iliyo kwenye pamba inageuka mvuke. Hakuna kinachowaka, au tuseme hakuna kinachopaswa kuwaka. Sigara ya kawaida inapovutwa, ncha yake hufika karibu nyuzi 900. Vepu iliyopangwa vizuri hufanya kazi yake kwa nyuzi mia mbili na kitu.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko linavyoonekana. Mmarekani Herbert Gilbert wa Beaver Falls, Pennsylvania, alipewa hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1965, lakini hakupata wa kuitengeneza kibiashara. Aliyefanikiwa ni mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003.

Juisi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni vitu viwili: propilini glaikoli, ambayo ni nyepesi na huchemka kwa nyuzi 188, na gliserini, ambayo ni nzito na huchemka kwa nyuzi 290. Humo huongezwa vionjo na, mara nyingi, nikotini. Hapa ndipo penye siri yote. Maadamu pamba imelowa, kuchemka kwa juisi hulizuia joto lisipande kupita kiasi, kama vile maharage yasivyoungua wakati maji yangali sufuriani. Nguvu ikizidi, koili huchemsha juisi haraka kuliko pamba inavyoweza kunyonya nyingine. Pamba inabaki kavu, joto linaruka, na unachovuta sasa ni pamba inayoungua. Dereva wetu hakuwa anavuta embe. Alikuwa anavuta utambi.

Kuna hesabu moja inayofaa kukaa kichwani, nayo ni rahisi. Volti mara volti, gawanya kwa omu, unapata wati. Betri ya volti 3.7 kwenye koili ya omu 1 inatoa karibu wati 14. Betri ile ile kwenye koili ya omu 0.5 inatoa zaidi ya wati 27. Kwa hiyo mtu anayenunua koili yoyote iliyopo dukani, kwa kuwa tu inaingia kwenye tangi lake, anaweza kuwa ameongeza moto maradufu bila kugusa kitufe. Vifaa vyenye kioo hupima ukinzani wa koili na kuuonyesha. Vile vya bei nafuu havisemi lolote.

Namna ya kuitafuta ladha ni kuanzia chini. Koili mpya ijazwe juisi iachwe dakika tano hadi kumi kabla ya kuvutwa, ili pamba ilowe mpaka ndani. Asiye na subira huiunguza siku ya kwanza na ladha ya kuungua haitoki tena, sawa na moshi kwenye kakao. Kisha weka nguvu kwenye kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye koili, au chini yake kidogo. Vuta sekunde mbili au tatu, taratibu. Ladha itakuwa hafifu. Panda nusu wati au wati moja, vuta tena, na usiwe na haraka ya kuruka. Kuna mahali ladha inafunguka ghafla, tunda linakuwa tunda. Ukiendelea kupanda, mvuke unakuwa mwingi na wa moto zaidi, na wengi hudhani huko ndiko kuzuri, lakini ukiwa makini utasikia ladha imekuwa bapa, utamu umebaki peke yake. Juu zaidi ya hapo koo linakwaruza. Rudi nyuma hatua moja au mbili. Kwa koili ya dereva wetu mahali hapo pangekuwa karibu wati 13, chini ya nusu ya alizokuwa nazo.

Si ladha zote zinazotaka kiwango kimoja, na sababu yake ni ya kikemia, si ya mapenzi ya mtu. Isoamili asetati, ambayo ndiyo harufu ya ndizi mbivu, huchemka kwa nyuzi 142. Vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila, huhitaji karibu 285. Harufu za matunda ni nyepesi, zinaruka mapema, na moto mkali huzitawanya kabla hazijafika puani. Vanila, kakao, kahawa na zile zinazoiga tumbaku ni nzito na huvumilia moto zaidi. Kwa hiyo mwenye juisi mbili kwenye mfuko mmoja anapaswa kubadilisha mpangilio kila anapobadilisha juisi, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. (Na asidanganyike na picha ya ua kwenye chupa. Vanila inayolimwa Beni, au ng'ambo ya Semuliki kule Bundibugyo, ni ghali mno kuishia humo. Kwa kawaida kilichomo ni vanilini ya kiwandani.)

Baada ya moto ni hewa, na hapa watu wa pwani walitangulia zamani. Kiko cha maji cha Waswahili kilikuwa kifaa kilichokamilika: bori la udongo lililobeba tumbaku na kaa, digali la kushusha moshi ndani ya kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na mdakale wa kuvutia. Hakikuwa na kitufe. Mvutaji aliendesha moto kwa pumzi yake tu. Akivuta kwa nguvu, hewa nyingi inapita kwenye kaa, bori linachemka, tumbaku inaungua. Akivuta polepole kaa linapoa. Malio ya kiko, ule mgugumio wa maji, yalimwambia anavuta kwa kasi gani. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, na watu wa misafara yake walikileta Kiswahili hadi kwenye kona hii ya mto. Sitashangaa kama viko vyao navyo vilifika. Wapangaji wa shisha wa leo wanaohamishia makaa ukingoni mwa bakuli badala ya kuyarundika katikati wanafanya kazi ile ile kwa koleo.

Katika vepu, kazi ya pumzi imegawanywa kati yako na tundu la hewa. Ukilibana, hewa inayochanganyika na mvuke inapungua, mvuke unakuwa wa joto na mzito, na ladha inakusanyika. Ukilifungua, mvuke unapoa na kuwa mwingi, ladha inapungua ukali. Mwenye kutafuta ladha hulibana kidogo. Ila kuna mtego, na wengi hunaswa: hewa ile ndiyo pia inayoipoza koili. Ukilibana tundu ukaacha wati palepale, umeongeza moto bila kujua. Kila unapobana hewa, shusha na wati. Vilevile usivute kwa pupa. Kuna anayevuta mvuke ukajaa mdomoni kwanza, kama sigara, ndipo ushuke. Na kuna anayevuta moja kwa moja hadi mapafuni, ambaye anahitaji koili ya omu ndogo na tundu lililo wazi. Ulimi na pua hufaidi zaidi kwa njia ya kwanza. Karibu kila tunachokiita ladha, ukiondoa utamu, uchungu, chumvi na mengine machache, ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani. Kutoa mvuke kwa pua huonyesha embe ambalo ulimi haukuliona.

Hali ya hewa ya Bengamisa ina neno lake pia. Gliserini ni nzito kwenye baridi na nyepesi kwenye joto. Mtu wa Ulaya hulalamika wakati wa majira ya baridi kwamba juisi haifiki kwenye pamba. Mtu wa Tshopo ana tatizo la kinyume: juisi inalainika, inaingia kwa wingi kuliko inavyochomwa, inajaa ndani ya koili, kifaa kinaguguma na kutema matone ya moto mdomoni. Hapo ladha inakuwa ya maji maji, na safari hii nitasema ongeza nguvu kidogo, au vuta mara chache bila kujaza tangi mpaka juu. Juisi yenye gliserini nyingi, kama asilimia 70, hukaa vizuri zaidi kwenye joto kuliko ile ya nusu kwa nusu, mradi koili iwe na matundu makubwa ya kuipitisha. Na chupa isikae kwenye dashibodi ya lori. Jua na joto huigeuza nikotini rangi ya kahawia, na harufu nyepesi za matunda ndizo za kwanza kupotea.

Juisi tamu sana zina adhabu yake. Utamu ule mara nyingi ni sukralosi, ambayo haigeuki mvuke vizuri. Inabaki kwenye koili, inaganda, inakuwa ukoko mweusi. Koili yenye ukoko haina mpangilio utakaoiokoa, ni kuibadilisha. Vivyo hivyo pua iliyochoka. Mtu anayevuta ladha moja kutwa nzima huacha kuisikia, na hapo ndipo anapoanza kuchezea vitufe bure. Anywe maji, apumzike, au abadilishe ladha kwa siku moja.

Sasa niseme jambo ambalo wauzaji hawapendi lisemwe karibu na neno ladha. Mwanzoni mwa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walichapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine: kwa volti 3.3 hawakukuta dalili ya fomaldehaidi kwenye mvuke, kwa volti 5 waliikuta kwa wingi. Mwaka huo huo daktari wa Kigiriki, Konstantinos Farsalinos, akajibu kwamba kiwango kikubwa namna ile hutokea pale tu pamba inapokauka, na kwamba hakuna mvutaji anayeweza kuvumilia ladha ya namna hiyo. Kwangu mimi pande zote mbili zinakutana: ladha ya kuungua ni taarifa, na kifaa kinachokulazimisha uizoee ni cha kuzimwa. Dereva anayekunja uso na kuvuta tena anapuuza kipimo kizuri alichopewa bure.

Lakini ulimi hauoni yote. Mwaka 2000 waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Jasper, Missouri, walikutwa na ugonjwa mbaya wa mapafu. Chanzo kilihusishwa na mvuke wa kionjo cha siagi, chenye diasetili, kitu kinachokubalika kuliwa. Kiliwafikia kupitia pua, siyo tumboni, na kilinukia vizuri. Mwaka 2019 Wamarekani walianza kujaa hospitalini kwa sababu ya vepu, wengi wao wakiwa wametumia mafuta ya bangi yaliyochanganywa na asetati ya vitamini E. Kufikia Februari 2020 wagonjwa walioripotiwa walikuwa 2,807, na waliokufa 68. Mafuta yale hayakuwa na ladha ya kuonya mtu. Kwa hiyo anayefikiri kutengeneza juisi yake nyumbani kwa kionjo cha keki, au kwa mafuta ya aina yoyote yale, aache. Mawese ni chakula. Mapafuni ni maradhi.

Na asiyevuta sigara hana sababu ya kusoma kurasa hizi kwa nia ya kuanza. Nikotini huzoesha, iwe na ladha ya embe au ya majani makavu, na huwashika vijana haraka zaidi. Serikali za ukanda huu zimechukua hatua zake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ilipiga marufuku vepu pamoja na shisha na tumbaku yenye vionjo; Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017. Dereva anayeelekea Kampala asidhani kilicho mfukoni mwake kinapita mpaka kama kalamu.

Limebaki suala la betri, ambalo huonekana halihusiani na ladha, kumbe linahusiana sana. Betri nyingi za vifaa hivi ni za lithiamu, na nyingi zina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, kule Lualaba na Katanga ya Juu, kisha hurudi nchini ikiwa imefungwa kwenye plastiki yenye maandishi ya Kichina. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Inapokaribia kwisha ina kama 3.2. Kwenye kifaa kisicho na kioo, ambacho hupeleka umeme moja kwa moja kama ulivyo, koili ya omu 1 hupata wati 17 na zaidi asubuhi, ikashuka hadi 10 jioni. Juisi ni ile ile, koili ni ile ile, na ladha ni mbili: asubuhi inakwaruza, jioni haipo. Watu humrudia muuzaji wakidai chupa ni feki. Mahali ambapo chaji inategemea paneli ya sola na siku za mawingu ni nyingi, hali hii hutokea kila siku. Ukiona ladha imepotea jioni, chaji betri kwanza ndipo umwendee muuzaji, na betri ya akiba uibebe kwenye kikasha chake, mbali na funguo na sarafu, kwa sababu zikigusana nayo kwenye ncha zote mbili mfuko wa suruali unaweza kushika moto.